Nani Aliyeonja Kahawa ya Mama?

Kama gazeti la wiki iliyopita, lenye mwanzo wa hadithi hii, ulilifungia sabuni, nakupa kwa ufupi. Mimi ni mwonjaji wa kahawa wa chama cha wakulima, juu huku mlimani, kwenye udongo mweusi ambao mlima ulitutapikia zamani kabla haujalala. Watu wananiita Pua. Kabla ya mavuno nilishikwa na homa, na nilipoinuka kitandani pua ilikuwa imebaki usoni kama pambo. Hakuna harufu niliyoisikia. Sikumwambia mtu.

Kisha jiko letu likaungua nami nimekaa sebuleni nasoma, mlango wazi, mpaka mke wangu alipotoka bafuni anapiga kelele. Akafungasha nguo. Akaniambia mume asiyesikia moshi wa nyumba yake hawezi kumsikia mkewe. Nilimsaidia kubeba begi mpaka barabarani.

Mtauliza kama niliumia. Ningependa kusema ndiyo, maana hadithi ingenoga. Lakini kilichozimika puani kilizimika na kifuani. Nilirudi ndani nikala ugali uliolala, nikalala na mimi.

Sasa nisikilizeni. Hayo yote yalikuwa mlangoni tu, leo ndiyo tunaingia ndani.

Chumba chetu cha kuonjea kina meza ndefu, birika la maji ya moto, makopo ya kutemea, na dirisha linalotazama vichanja vya kuanikia. Vikombe havina majina, vina namba. Anayejua namba ipi ni ya shamba la nani ni mwenyekiti wa chama peke yake.

Mezani tuko wawili. Mwenzangu anaitwa Kimya, kwa sababu kumtoa sentensi nzima ni sawa na kumng'oa jino. Sheria ya meza inasema waonjaji wasizungumze wala wasikunjiane sura mpaka alama ziandikwe. Kwa mtu mwenye siri yangu, sheria hiyo ilikuwa tamu kuliko sukari.

Kahawa yetu huonjwa kwa kuivuta kutoka kwenye kijiko kwa mlio mkali, isambae mdomoni, kisha unatema. Kimya akikipenda kikombe, hurudi kukivuta tena. Asipokipenda, anapita. Basi mimi nilikuwa namfuata nyuma, navuta kwa mlio mkubwa kuliko wake, huku masikio yangu yakimwandama. Ulimi ulinipa uchungu, uchachu na joto, basi. Yale maua na matunda tunayowaandikia wanunuzi niliyachota kichwani, kwenye misimu ya nyuma.

Alama zetu zikafanana mpaka mwenyekiti akawa anatutania.

"Nyinyi wawili mmenyonya ziwa moja?"

Tulicheka. Kimya naye alicheka, na sikujiuliza alichokuwa anachekea.

Kuna kasoro moja inayoogopwa huku kuliko zote. Tunaiita kiazi. Kunguni wa kahawa akilitoboa tunda likiwa mtini, kikombe hutoa harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa. Mwonjaji anayeisikia huizungushia namba ya kikombe duara. Tukizungusha wote wawili, chama hakijadili: mibuni ya shamba hilo inakatwa hadi visiki siku hiyohiyo, kunguni wasihamie kwa majirani. Kisiki huchipua, ni kweli. Lakini mpaka kizae tena, mwenye shamba awe na umri wa kusubiri.

Asubuhi ile Kimya alifika kikombe cha katikati. Akainama, akavuta, akarudi nyuma kama aliyesukumwa. Akatumbukiza kijiko kwenye maji, akaenda dirishani, akanipa mgongo.

Kwangu hiyo ilikuwa lugha safi. Nikaizungushia namba ile duara, tena kubwa, kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Kimya aliporudi, naye akazungusha.

Mwenyekiti akaja na majina. Akatazama karatasi zetu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Pua."

"Naam, mwenyekiti."

"Hii ni ya mama yako."

Nikasema, "Aha."

"Ni hilo tu? Aha?"

"Niseme nini?"

Akanishika bega. "Watu watakuheshimu, nakwambia. Mtoto aliyeizungushia kahawa ya mama yake mzazi! Mwezi uliopita mlipoizungushia ya jirani yake, maneno yalikuwa mengi. Sasa watanyamaza."

Akatoka kumpigia simu kaka yangu. Kaka ndiye mwenye kushika msumeno wa mashine wa chama. Kila kisiki kilichoko mlimani huku, yeye ndiye aliyekikata.

Mama yangu ana magoti yanayogoma asubuhi. Mibuni yake aliipanda mwenyewe, yeye na marehemu baba, wakichimba mashimo kati ya mawe meusi kwa mtaimbo. Kila siku huamka akaipitia mstari kwa mstari, anaiambia habari za nyumbani. Ikikatwa, hataiona ikizaa tena. Hilo nililijua vizuri, kama mtu anavyojua bei ya chumvi. Nikaendelea kuosha vijiko.

Kimya alikuwa ananipangusia. Nikaona bora nimuulize, maana nilitaka walau kumweleza mama harufu yenyewe ilikuwaje.

"Kile kikombe cha mama. Kiazi kilikuwa kikali?"

Akaendelea kupangusa kijiko.

"Nakuuliza wewe."

"Si wewe ndiye uliyekisikia?" akasema.

"Na wewe ulizungusha."

"Nilizungusha kwa sababu ulizungusha."

Nikaweka kijiko chini. "Kimya, wewe uliruka. Nilikuona ukikimbilia dirishani."

"Nilitaka kutapika."

"Kwa sababu ya kiazi."

"Kwa sababu ya mimba."

Hapo akafungua mdomo, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Kwamba tangu mimba iingie, kila kitu kinamnukia chuma. Kahawa chuma, sabuni chuma, mumewe chuma. Kwamba anajua sheria, mjamzito haonji mpaka ajifungue, kwa sababu pua ya mjamzito haiaminiki. Lakini akitoka mezani kijiji kizima kitajua sababu, na mimba zake zilizotangulia hazikukaa. Kila moja aliitangaza kwa furaha, na kila moja watu walikuja kumpa pole. Hii ameapa hataitaja mpaka ionekane yenyewe.

"Sasa ukawa unaonjaje?" nikauliza.

"Nakufuata wewe. Nikirudia kikombe ni kupitisha muda tu; ukikawia hapo, nakipa alama. Wewe si ndiye Pua?"

"Nakawia kwa sababu wewe umekawia."

"Sijakuelewa."

"Sisikii harufu, Kimya. Tangu ile homa. Msimu wote nakufuata wewe."

Alinitazama, kitambaa mkononi, maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Birika lilikuwa linachemka nyuma yetu na hakuna aliyelizima.

"Basi nani aliyeonja?" akauliza.

"Hakuna."

"Na ya yule jirani wa mama yako?"

"Hakuna."

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikamwambia naenda shambani kusimamisha msumeno. Akanidaka mkono.

"Sema yako, kaka yangu. Yangu usiiseme. Nakuomba. Ukinitaja, nitaulizwa kwa nini."

"Sitakutaja."

"Niahidi."

Nikamwahidi. Kuahidi ni kazi nyepesi kwa mtu aliyekufa ganzi.

Pikipiki ya kukodi ilinifikisha kwa mama nikamkuta kaka amekaa kwenye jiwe uani, anatia petroli kwenye msumeno. Mama alikuwa amemletea chai. Ndiyo, chai. Amekuja kumkatia mibuni yake, na bado alikuwa mwanawe aliyefika bila kunywa kitu.

Yule jirani naye alikuwepo, amesimama upande wa pili wa ua, mikono kifuani. Nyuma yake vilionekana visiki vyake, vyeupe juu na vyeusi chini.

"Zima kila kitu," nikamwambia kaka. "Hakuna kukata. Ile duara nimekosea. Mimi sisikii harufu."

Kaka akanywa chai kidogo. "Husikii harufu."

"Sisikii. Tangu homa."

"Pua hasikii harufu." Akamgeukia mama. "Unamsikia mwanao?"

Mama akanisogelea polepole. Akanitengeneza kola ya shati, kola ambayo haikuwa na tatizo.

"Mwanangu, usiharibu jina lako kwa ajili yangu. Umesema kweli ukiwa kazini, inatosha. Usije ukasema uongo ukiwa nyumbani."

"Mama, uongo ni ule wa kazini."

"Wewe ukiwa mdogo ulikuwa unaniambia maziwa yameungua kabla hata mimi sijajua. Leo unanidanganya mimi?"

Jirani akacheka kicheko kikavu. "Yangu ilipokatwa alikuwa anasikia harufu vizuri tu."

Nilikuwa nimeigiza vizuri mno, sasa ukweli ulinikaa vibaya kama suruali ya kuazima. Na mtu atathibitishaje kitu ambacho hana? Ukimletea kitu kinachonuka akasema hasikii, utajuaje kama hajikazi?

"Twende ghalani tukaongee," mama akasema. "Si mbele za watu."

Ghala lake ni chumba kidogo cha mbao, magunia matupu, majembe, kigoda kimoja. Nikakaa kwenye kigoda. Mama akabaki karibu na mlango, ameegemea mhimili, kanga ameipandisha mpaka mdomoni. Nilidhani analia. Nikaanza kumweleza habari ya homa, na jiko, na mke. Mpaka siku hiyo alikuwa anaamini mke wangu ameenda kuuguza kwao. Nilieleza kwa utulivu. Kulikuwa na kipande cha mkate juu ya gunia, alichokibakiza mama asubuhi, nikawa nakimega huku nasema.

Kaka akaja mlangoni. Akaingiza kichwa, akakitoa haraka.

"Mama, si nilikwambia ningemtoa yule panya kwanza! Ameoza!"

Nikatazama chini. Chini ya kigoda, katikati ya miguu yangu, alikuwepo panya mkubwa amevimba, nzi wamemjaa. Kipande cha mkate kilikuwa mdomoni mwangu.

Mama alikuwa hanitazami tena usoni. Alikuwa anautazama ule mkate.

"Unakula," akasema.

"Ndiyo."

"Humu unakula."

Kaka naye akaniangalia. Akashusha mkono aliokuwa ameziba nao pua, kisha akaiziba tena kwa sababu alishindwa.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Nimekwambia. Tangu ile homa."

Akaja, licha ya harufu ile, akanishika pua kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akinifuta kamasi nikiwa mtoto. Akaishikilia. Machozi yakamtoka. Hakusema neno kuhusu mibuni. Alisema, "Na ulikuwa unapika mwenyewe, peke yako, hujui hata chakula kimeharibika!"

Ningependa kuwaambia kwamba nililia naye. Sikulia. Nilimeza mkate.

Alipomaliza kujifuta, akasimama wima. "Haya. Twende nje ukaseme."

"Nimeshasema."

"Umeniambia mimi. Yule jirani mibuni yake imekatwa kwa kinywa chako. Siwezi kuponya mibuni yangu humu ghalani halafu nikamsalimia kesho kana kwamba hakuna kitu."

Tulipotoka, gari la chama lilikuwa limefika. Mwenyekiti lazima awepo mti wa kwanza unapokatwa, na shahidi wake ni mwonjaji. Kwa kuwa mimi ni mtoto wa nyumba, alikuwa amemleta Kimya. Alisimama kando ya gari, ukosi wa gauni ameuvuta mpaka puani.

Nikasema. Mbele ya mwenyekiti, mbele ya jirani, mbele ya kaka na msumeno wake. Nilisema sina pua. Nilisema duara ya mama haina maana, na duara ya jirani haikuwa na maana. Jirani akateremsha mikono yake kutoka kifuani.

"Kwa hiyo yangu haikuwa na kitu?" akauliza.

"Sijui, jirani. Huenda ilikuwa nacho. Hakuna aliyeionja."

Akarudi nyuma, akakaa juu ya kisiki chake kimoja. Hakunitukana. Nilisubiri anitukane, na hakufanya hivyo.

Mwenyekiti alikuwa ametulia, anafikiri. Si mtu mjinga yule.

"Pua, nisaidie jambo moja. Tuseme wewe husikii. Mwenzako anasikia. Mbona alama zenu zimefanana msimu mzima? Ungekuwa unabahatisha, zingepishana. Na hii ya leo na ile ya jirani, mwenzako naye alizungusha. Pua mbovu na pua nzima zinapataje jibu moja?"

Nilimwangalia Kimya, kisha nikayaondoa macho haraka. Nikisema namfuata yeye, duara yake ingesimama kama ushahidi; nikisema zaidi ya hapo, nilikuwa nimeahidi.

"Dada," mwenyekiti akamwambia, "wewe uko naye kila siku. Mwenzako ana pua au hana?"

Kimya akashusha ukosi.

"Anayo," akasema. "Pua yake ni nzima. Anamwonea huruma mama yake tu."

Kaka akaguna. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akaniangalia kwa huruma ambayo ningeikataa kama ningekuwa na nguvu. "Nilijua. Mtoto ni mtoto. Hatutalifikisha mbali hili, Pua. Haya, kazi ifanyike."

"Mwongo!" kaka akamfokea Kimya. "Huyu ameketi juu ya panya aliyeoza, anakula mkate! Mama ameona, mimi nimeona! Mama, waambie!"

Mama hakumtazama kaka. Alikuwa anamtazama Kimya. Upepo ulikuwa unaleta harufu ya petroli, nadhani, maana Kimya alikuwa ameziba tena pua, na mkono wake mwingine ulikuwa umeteremka chini ya kitovu, umekaa pale, umefunika. Mama alimtazama usoni, akautazama mkono, akamrudia usoni. Mama amezaa watoto na amezika watoto. Sikumwambia kitu, nanyi ni mashahidi wangu. Alisoma mwenyewe.

Sura ya Kimya ikabadilika. Alijua kwamba ameonekana.

Neno moja la mama lingetosha. Angesema tu, mwenyekiti, huyu naye hawezi kuonja, mwangalie. Mibuni ingesimama.

"Kata," mama akamwambia kaka.

"Mama, wewe umeona ghalani..."

"Nimesema kata, baba. Mimi ndiye mwenye shamba."

Kaka alisimama kidogo. Kisha akavuta kamba, msumeno ukawaka, ndege wakaruka. Akaenda kwenye mbuni wa kwanza wa mstari wa kwanza, ule ulio karibu na mlango, ambapo mama huanzia salamu zake. Ulikatika upesi kuliko nilivyotarajia. Ulianguka na matunda yake machache mekundu ya mwisho, yakatawanyika kwenye udongo mweusi. Mama akainama kwa shida, akaanza kuyaokota.

Nikasikia kitu kifuani. Kidogo, kama jino linalotoka kwenye ganzi. Kiliuma.

Kaka hakwenda kwenye mti wa pili. Aligeuka, msumeno ukiunguruma mikononi, akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya Kimya.

"Wa kwanza nimekata kwa amri ya mama yangu," akasema kwa sauti ya kushinda mashine. "Wewe umesema pua ni nzima. Umesema kiazi kipo. Wa pili utakata wewe. Shika."

"Acha upuuzi," mwenyekiti akasema, lakini hakusogea.

Msumeno ule ni mzito, hutikisa mtu mpaka meno. Wanaume wamewahi kuudondosha. Kimya aliutazama, akanitazama mimi, kisha akanyoosha mikono yote miwili kuupokea. Tumbo likabaki wazi.

"Usimpe!"

Alikuwa mama. Matunda yalimponyoka yote. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile, hata siku ya msiba wa baba.

Kaka akazima mashine. Jirani akasimama kutoka kwenye kisiki chake ili aone vizuri.

Mwenyekiti akavua miwani. Safari hii hakuifuta.

"Kwa nini asipewe, mama?"

Mama akanigeukia mimi. Kimya naye alinigeukia, mikono bado ameinyoosha, akitikisa kichwa polepole, hapana, hapana. Mwenyekiti akayafuata macho yao mpaka yakanifikia.

"Kumbe wewe unajua, Pua," akasema. "Sema, au kaka yako aendelee na mti wa pili."